Msahafu na Harry Potter: Kipi Kinapendwa Zaidi?



Jumamosi iliyopita nilikuwa Riruta kwa dada yangu. Kwa wasiopajua, Riruta iko upande wa magharibi wa Nairobi. Ukifika Dagoretti Corner unashika barabara ya Naivasha kuelekea Kawangware, na hapo kati ndipo penyewe. Dada yangu alihamia huko na mumewe miaka mingi iliyopita kufuata kazi, na watoto wao wamezaliwa huko huko. Kiswahili cha watoto kimechanganyika na Sheng, lakini Ijumaa kanzu na buibui zinatoka kabatini, na wikendi asubuhi wanakwenda chuoni kama sisi tulivyokwenda Mombasa.

Nilipoingia nilikuta kuna kesi. Mpwa wangu wa miaka 13, msichana aliyekwisha kuhifadhi juzuu ya Amma na ya Tabaraka, alikamatwa usiku wa manane chini ya blanketi, tochi ya simu mkononi, akisoma Harry Potter. Kitabu cha nne, kile kinene chenye kurasa zaidi ya 600. Mamake akakichukua akakiweka juu ya kabati. Mtoto kanuna, hali, hazungumzi.

Nikamwita pembeni. Akaniambia, "Mjomba, mimi nilimuuliza mama swali moja tu. Nilimuuliza Qur'ani na Harry Potter, kipi kinapendwa zaidi duniani. Mama akasema hayo ni maneno ya kufuru."

Dada yangu akajibu kutoka jikoni, "Kaka, mwambie huyo. Utalinganishaje maneno ya Mungu na hadithi ya wachawi?"

Nilimwelewa dada yangu, na nilimwelewa mtoto pia. Thamani ya Kitabu cha Mwenyezi Mungu haipimwi kwa wingi wa wanunuzi, na hilo halina mjadala kwetu. Lakini mtoto hakuuliza thamani. Aliuliza mapenzi ya watu, na hilo linaweza kuhesabiwa. Shida ni kwamba hesabu zenyewe ziko tatu, na kila moja ina jibu lake. Nilimpa jibu pale sebuleni, na leo nalileta hapa, kwa sababu naamini kesi hii iko katika nyumba nyingi za watu wetu, za bara na za Pwani.

Hesabu ya kwanza: nakala

Harry Potter ni kazi ya J. K. Rowling wa Uingereza. Kitabu cha kwanza kilitoka Juni 1997, baada ya wachapishaji kadhaa kukikataa, na chapa ya kwanza ya jalada gumu ilikuwa nakala 500 tu. Miaka kumi baadaye, Julai 21, 2007, kitabu cha saba kiliuza takribani nakala milioni 11 katika saa 24 za mwanzo huko Uingereza na Marekani. Leo vitabu vyote saba kwa pamoja vimepita nakala milioni 600, katika lugha zaidi ya 80. Hakuna mfululizo mwingine wa riwaya uliowahi kufika hapo.

Sasa tazama vitabu vya dini. Biblia, kwa makadirio ya Guinness, imechapishwa nakala kati ya bilioni 5 na bilioni 7, na Biblia nzima inapatikana katika lugha zaidi ya 700. Chama kimoja tu cha Kikristo, Gideons, ambacho huweka Biblia katika vyumba vya hoteli na kugawa Agano Jipya mashuleni, kimekwisha kugawa zaidi ya nakala bilioni 2. Kwa upande wetu, kiwanda cha Mfalme Fahd kule Madina, kilichofunguliwa 1984, hutoa mamilioni ya misahafu kila mwaka. Aliyekwenda Hija anajua, maana aghalabu alirudi na mmoja. Na hicho ni kiwanda kimoja. Misahafu inachapwa Cairo, Beirut, Istanbul, Lahore na kwingineko.

Kwa hiyo hesabu ya kwanza imekwisha. Vitabu vya dini vinashinda, tena kwa mbali.

Lakini mpwa wangu si mjinga. Akaniuliza, "Mjomba, hizo zinagawiwa bure. Harry Potter watu wananunua."

Swali zuri. Riwaya hupata idadi yake dukani: mtu katoa pesa yake kwa hiari, mchapishaji kaandika. Msahafu mara nyingi ni wakfu. Mzee kafariki, watoto wake wananunua misahafu ishirini, wanaipeleka msikitini thawabu zimfikie baba yao. Anayelipa si anayesoma. Kwa hiyo idadi kubwa ya nakala yaonyesha mapenzi ya anayetoa, haionyeshi mapenzi ya anayepokea.

Na kuna upande wa pili wa jambo hilo. Msahafu mmoja ulioko rafuni msikitini umehesabiwa nakala moja kiwandani, lakini unaweza kusomwa na watu mia katika Ramadhani moja. Na kile kitabu kilichokuwa juu ya kabati la dada yangu kilinunuliwa mjini kwa wale wauza vitabu wa kando ya barabara, tunaowaita "inama" kwa sababu sharti uiname kuchagua. Ndani yake mna majina matatu ya watu waliokuwa nacho kabla. Wasomaji wanne, nakala moja. Mtoto mwenyewe alicheka nilipomwonyesha kwamba yeye hayumo katika ile milioni 600.

Hesabu ya pili: kusoma

Kitabu cha hadithi husomwa mara moja. Mwenye kukipenda sana husoma mara mbili, tatu. Mpwa wangu alisema anamjua msichana darasani mwao aliyesoma vyote saba mara tano. Ni mapenzi makubwa hayo.

Nikamwambia achukue karatasi. Sala tano za faradhi zina rakaa 2, 4, 4, 3 na 4. Jumla 17. Kila rakaa ina Fatiha. Kwa mwaka wa siku 365, Muislamu anayesali faradhi tu, bila sunna, anaisoma Suratul Fatiha mara 6,205. Hakuna ukurasa wa riwaya yoyote duniani unaosomwa na mtu mmoja mara 6,205 kwa mwaka. Ongeza Ramadhani, ambapo misikiti mingi hukhitimu juzuu 30 kwa siku 30. Ongeza Yasini za Alhamisi usiku, na khitma za maiti.

Kisha kuna kuhifadhi. Msahafu wa Madina una kurasa 604. Ni karibu unene wa kile kitabu cha nne cha Harry Potter. Duniani kote kuna watu walioweka kurasa hizo zote 604 kifuani, neno kwa neno, wengi wao wakiwa watoto, na wengi wao wasiokuwa Waarabu. Hata msomaji mkubwa wa Harry Potter hajaombwa kukisoma chote kwa moyo mbele ya mwalimu.

Kwa hiyo hesabu ya pili pia tumeshinda. Dada yangu alikuwa ametoka jikoni sasa, kasimama mlangoni na mwiko, kafurahi. Nikatamani niishie hapo, tunywe chai, tuagane kwa amani.

Hesabu ya tatu: kuelewa

Nikamuuliza mtoto, "Kitabu cha nne kina nini?"

Alizungumza dakika kumi bila kupumua. Nani kamsaliti nani, joka lilikuwa wapi, nani alikufa makaburini na kwa nini, na yeye alilia alipofika hapo. Kila jina alilijua.

Nikamuuliza, "Ijumaa wasoma Suratul Kahf?"

"Kila Ijumaa, na mama."

"Ina nini?"

Kimya. Akatazama zulia. Baadaye akasema, "Ina aya 110."

Ndugu msomaji, sikumuuliza ili nimuaibishe, na nilipotazama mlangoni nikaona dada yangu naye katazama chini. Nikamsimulia, kwa maneno ya kawaida. Kwamba humo mna vijana waliokimbia mji wao kwa ajili ya imani yao, wakaingia pangoni na mbwa wao, wakalala miaka 309, wakaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku. Mmoja wao akatumwa sokoni na pesa za zamani kununua chakula. Kwamba Nabii Musa alifuatana na mja mwenye elimu asiyoijua yeye, akatoboa jahazi la maskini, na Musa hakuweza kuvumilia bila kuuliza. Kwamba yuko mfalme aliyesafiri mashariki na magharibi, akajenga ukuta wa chuma na shaba kuwazuia Yajuju na Majuju, na ukuta huo utabomoka siku moja.

Mtoto kaniangalia macho yamemtoka. "Hii iko kwa Qur'ani?"

"Iko katika sura unayoisoma kila Ijumaa."

"Na hakuna mtu ameniambia?"

Swali hilo lilinikaa kooni mpaka nikafika nyumbani. Dada yangu ndiye aliyelijibu, kwa sauti ya chini: "Mwanangu, na mimi nilifundishwa kusoma. Sikufundishwa maana."

Hapo ndipo tuliposhindwa, na aliyeshindwa si Qur'ani. Harry Potter alimjia mtoto huyu kwa lugha anayosomea darasani, kwa mpango wa hadithi anaoufuata, na hakuna aliyemchapa kwa kukosea herufi. Msahafu ulimjia kwa Kiarabu asichokijua, akaambiwa makhraji, ghuna na madda, mambo ambayo ni sahihi na ni lazima, kisha mlango ukafungwa hapo. Akapata sauti, hakupata habari.

Wazee waliliona mapema

Jambo la kusikitisha ni kwamba wazee wetu wa Pwani walilipigania hili karibu miaka mia iliyopita.

Tafsiri kamili ya kwanza ya Qur'ani kwa Kiswahili haikutolewa na Muislamu. Aliitoa Godfrey Dale, padri wa misheni ya UMCA iliyokuwa Zanzibar, mwaka 1923. Lengo lake lilikuwa kuwapa walimu wa Kikristo silaha ya kujadiliana na Waislamu. Yaani kwa muda fulani, Mswahili asiyejua Kiarabu aliyetaka kuisoma Qur'ani yote kwa lugha yake alilazimika kuichukua kwa padri.

Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyekuwa baadaye Kadhi Mkuu wa Kenya na aliyeanzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah miaka ya 1930, alianza kuandika tafsiri yake kwa Kiswahili. Alifariki 1947 kabla ya kuimaliza. Mwaka 1953 Ahmadiyya wakatoa yao kamili hapa Nairobi, kazi ya Sheikh Mubarak Ahmad, na masheikh wa Kisunni wakaona hawawezi kunyamaza. Sheikh Abdullah Saleh Al-Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1968, alikamilisha Qurani Takatifu, ikachapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi mwaka 1969. Baadaye, mwaka 1995, ikatoka tafsiri ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, aliyekuwa waziri Zanzibar kabla ya mapinduzi, kisha mfungwa kwa miaka.

Wakristo nao walikuwa na safari yao. Krapf alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa mwaka 1844, aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Sheikh Ali aliyetoka Barawa. Hata Biblia ya Kiswahili, basi, ilianza na mkono wa Muislamu wa Pwani. Wazee hao hawakuogopa vitabu.

Walijua kuwa kitabu kisichoeleweka nyumbani kitaheshimiwa sana, kitawekwa juu, na kitafunikwa vumbi. Toleo la Al-Farsy limetoka Nairobi yenyewe, umbali wa nauli ya matatu kutoka Riruta, na bado katika nyumba ya dada yangu halikuwemo.

Na uchawi je?

Najua baadhi yenu mnasema, "Sawa, lakini kile kitabu ni cha uchawi." Dada yangu alilisema, na si yeye pekee. Mwaka 2002 Falme za Kiarabu zilikipiga marufuku katika shule za binafsi. Marekani, ambako wengi waliolalamika walikuwa Wakristo, Harry Potter iliongoza orodha ya chama cha maktaba ya vitabu vilivyopingwa zaidi kati ya 2000 na 2009. Marufuku hazikupunguza wasomaji. Pengine ziliwaongeza.

Mimi si mufti, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Ninalojua ni kwamba Qur'ani yenyewe imetaja uchawi: wachawi wa Firauni, na Haruti na Maruti katika Suratul Baqara. Imetaja majini waliomtumikia Nabii Suleiman, na ndege aina ya hudhud aliyemletea habari za malkia wa Sabaa. Qur'ani inayaeleza kuwa kweli na onyo. Mwandishi wa riwaya anayabuni kwa mchezo. Mtoto aliyefundishwa tofauti hiyo hatapotea kwa kusoma riwaya. Asiyefundishwa ndiye wa kuogopewa, hata kama hajawahi kuiona riwaya.

Isitoshe, sisi wenyewe tulilelewa na ajabu. Nani kati yetu hakusimuliwa na bibi yake habari za zimwi na majini? Alfu Lela Ulela ilikwisha kutafsiriwa kwa Kiswahili tangu zama za mkoloni. Shaaban Robert, Muislamu asiyetiliwa shaka, aliandika Adili na Nduguze mwaka 1952, na humo mna majini na watu waliogeuzwa wanyama. Kabla yake, wazee walikaa barazani wakasikiliza Utenzi wa Rasi 'lGhuli, beti zaidi ya 4,000 za vita vya masahaba na mashujaa wa kikafiri. Usomaji wa msahafu na usikilizaji wa hadithi ulikuwa katika nyumba moja, jioni moja, na bibi yule yule ndiye aliyefundisha vyote viwili. Alipoondoka bibi barazani, tulibaki na msahafu usio na msimulizi, na msimulizi akatoka Uingereza.

Basi tufanye nini?

Katikati ya Nairobi, msikiti wa Jamia na maktaba ya McMillan iliyofunguliwa 1931 zinatazamana, barabara tu ndiyo imezitenga. Katika miongo yake ya mwanzo maktaba hiyo ilikuwa ya wazungu peke yao. Leo mtoto wa Kiislamu anaweza kusali Adhuhuri upande mmoja na kuvuka kwenda kusoma upande wa pili. Nami nadhani tuwaache wavuke, mradi tumewapa kitu upande wa kwanza.

Kwa wazazi: nunua tafsiri ya Kiswahili, uiweke pale mtoto anapofika bila kupanda kiti. Usiku mmoja kwa wiki, sura moja fupi, maana yake kwa maneno yenu wenyewe. Kama hujui maana, soma pamoja naye. Si aibu. Dada yangu ana miaka 38 na ameanza.

Kwa walimu wa chuoni: tajwidi ni haki ya Qur'ani, na dakika kumi za kisa baada ya tajwidi ni haki ya mtoto. Mwalimu anayesimulia pango la vijana wale hatahitaji bakora kumrudisha mtoto kesho.

Na kwa wale kati yenu mnaoweza kushika kalamu: watoto wetu wanataka ajabu. Tuandikieni riwaya nene ya Kiswahili, yenye majahazi, majini wa baharini na mji uliozama kati ya Lamu na Pate, ambayo mtoto ataisoma na tochi chini ya blanketi. Sitaki kuamini kwamba lugha iliyozaa beti 4,000 imeishiwa.

Nilipoaga, kile kitabu kilikuwa bado juu ya kabati. Dada yangu alisema atafikiri. Mtoto hakukiomba tena mbele yangu. Alinisindikiza mpaka kituo cha matatu, na gari lilipokuwa linajaa akaniuliza kupitia dirishani, "Mjomba, yule aliyetoboa jahazi la maskini, kwa nini alilitoboa?"

Nikamwambia akatafute jibu, na kwamba liko kurasa chache tu mbele. Jumatano mamake alinipigia simu. Wamelipata, na wameendelea.

Wabillahi tawfiq.